Nimenunua riwaya ya barua za mapenzi pale Majengo, bahasha moja ina barua isiyo ya kitabu

Zabibu Kavu (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi utakuwa mrefu, anayependa mafupi apite salama.

Jumamosi nilikuwa Majengo, hapa Dodoma, namsubiri fundi anibadilishie zipu ya begi, nikawa napoteza muda kwenye meza ya vitabu chakavu karibu na soko. Mnazijua meza hizo: kamusi isiyo na jalada, Biblia za mfukoni, mitihani ya darasa la saba ya miaka ile, riwaya za Kizungu zenye kifua wazi cha mwanaume juu. Katikati nikaona kitabu cha mraba, jalada gumu, chembamba kama cha mtoto wa chekechea. Nikafungua. Bahasha. Sisemi picha ya bahasha, nasema bahasha yenyewe, imegundishwa kwenye ukurasa, mdomo wake unafunguka na ndani kuna karatasi imekunjwa. Nikaitoa, nikaikunjua, nikaanza kusoma. Mistari mitatu tu nikajikuta nageuka kuangalia kama kuna mtu ananiona. Nasoma barua ya watu!

Muuzaji akataka elfu tano, tukamalizana kwa buku tatu kwa sababu kwa maneno yake "makaratasi yake yanatokatoka".

Kitabu kinaitwa *Griffin & Sabine*, cha Mwingereza mmoja aliyehamia Kanada, Nick Bantock, kilitoka 1991. Stori yenyewe: jamaa anaitwa Griffin Moss, yuko London, kazi yake kutengeneza postikadi. Siku moja anapokea kadi kutoka kwa mwanamke asiyemjua, Sabine, anayechora stempu kwenye visiwa vya huko Bahari ya Pasifiki ya kusini (visiwa vyenyewe usivitafute kwenye ramani, ni vya mwandishi). Sabine anamsifia Griffin kwa kubadilisha kitu kwenye mchoro wake mmoja, kikombe akakifanya glasi ya mvinyo. Tatizo ni kwamba kile kikombe Griffin hakuwahi kumwonyesha mtu. Alikichora, akakifuta, yuko peke yake.

Kuanzia hapo ni kadi na barua mpaka mwisho. Hakuna msimulizi. Ukurasa mmoja ni mbele ya kadi, yaani mchoro, ukifunua unakutana na mgongo wake: stempu, muhuri, anwani, maneno. Kama unavyogeuza kadi mkononi.

Sasa kilichonileta. Bahasha moja ya Sabine haina barua yake. Badala yake kuna karatasi ya daftari la hesabu, ya miraba, imekunjwa mara nne, imeandikwa Kiswahili kwa kalamu ya bluu. Na si ya juzi, mikunjo imeshakuwa ya kahawia.

Nije nayo au nisije nayo?

Tundu la Sindano

Chai. Weka picha.

Kijukuu cha Mtemi

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Shusha.

Dada Ipagala

Mkuu kabla hujashusha, hiyo bahasha isiyo na barua ni ipi? Mimi nacho kitabu hicho, kaka yangu alinitumia. Ni ile ya Sabine anayoeleza anavyoweza kuiona michoro ya Griffin?

Zabibu Kavu

Ndiyo hiyo. Griffin anamwuliza umejuaje, halafu unafungua bahasha ya majibu unakuta mwandiko wa Kibantu. Nilichoka. Hebu nipe kwa ufupi, dada yangu, maana tangu Jumamosi nasoma kitabu chenye pengo la jino la mbele.

Dada Ipagala

Kwa ufupi: Sabine alikuwa mtoto wa kuokotwa, akalelewa kisiwani. Tangu akiwa msichana akawa anaona picha zinajichora kichwani mwake, mstari kwa mstari, na anaona hata zinapofutwa. Hajui ni za nani. Miaka inakwenda, picha haziachi kuja. Ndipo siku moja anakutana na kazi ya Griffin kwenye chapisho na kuitambua. Haoni chumba chake, haoni sura yake, haoni akila. Anaona anachokichora tu.

Na ujue mwandiko ni sehemu ya utamu. Griffin barua zake nyingi amezipiga taipu, halafu anakosoa kwa kalamu. Sabine anaandika kwa mkono. Ukishasoma barua tatu huhitaji kuangalia jina.

Kijukuu cha Mtemi

Ngoja kwanza. Mwanamke hujawahi kumwona. Anajua ulichofanya ukiwa peke yako usiku. Hana ukoo unaoeleweka, ameokotwa. Kwao ni baharini, kisiwa ambacho hakipo kwenye ramani. Anakupenda kabla hujamjua.

Wakuu, kwetu huyo ana jina. Huyo ni jini mahaba.

Tundu la Sindano

😂😂😂 Nilikuwa naelekea kulala.

Dada Ipagala

Cheka, lakini Kijukuu hajui kama amegusa penyewe. Mbele kidogo Griffin anaingiwa na hofu. Anakiri kwamba ni mpweke (wazazi wameshakufa, ndugu aliyemlea naye amekufa) na anaanza kuamini kwamba Sabine amemtunga mwenyewe. Anamwandikia kwamba wewe haupo. Sabine anakasirika, anasema kama hutaki kuja kwangu basi nakuja mimi. Griffin anakimbia nyumba.

Kijukuu cha Mtemi

NIMESEMA. Na akija hawakutani, au siyo?

Dada Ipagala

Cha pili, *Sabine's Notebook* cha 1992, Sabine anakaa nyumbani kwa Griffin London huku Griffin anazunguka dunia akimtumia barua. Griffin anarudi. Kila mmoja anasema siku hiyo nilikuwepo pale nyumbani, wewe hukuwepo.

Kijukuu cha Mtemi

Jamaa aende kwa wataalamu mapema. Mimi nina binamu Bahi aliyekataa kuoa miaka saba kwa namna hiyo hiyo, sema wa kwake hakuwa na stempu.

Mzee wa Muhuri

Vijana marahaba kwa jumla, na wakubwa shikamooni. Nimesoma uzi wenu kwa utulivu. Mimi nilikaa kaunta ya posta miaka mingi kabla ya kustaafu, kazi ya kuchambua na kugonga mihuri, kwa hiyo mtaniwia radhi nikirefusha.

Mnaosema jini mahaba hamkuwahi kupata barua. Sisi tuliopata tunajua kwamba kila aliye mbali anakuwa nusu jini. Unamjua kwa mwandiko tu. Hujui leo amevaa nini, unajua tu kwamba herufi yake ya "g" ina mkia mrefu. Ilikuwa inafika treni na magunia, tunamwaga mezani, na nakuhakikishieni kuna watu nilikuwa nawatambua kwa mwandiko miaka sita bila kuwajua sura. Kulikuwa na bahasha moja kila wiki mbili, inanukia marashi mpaka inaambukiza bili za wenzake. Siku ilipoacha kuja tuliulizana kaunta nzima, huyu kapatwa na nini?

Nchi yetu barua hazikupelekwa mlangoni. Ilikuwa sanduku, S.L.P., na sanduku linalipiwa, kwa hiyo watu wengi walitumia la kanisa, la shule, la ofisi ya mjomba. Maana yake barua ya mapenzi ilikuwa lazima ipite kwenye mikono ya mtu asiyehusika. Mwaka 2022 tumebandikiwa namba za nyumba na majina ya mitaa mpaka vichochoroni, anwani za makazi na postikodi, jambo jema. Sasa anwani tunazo, barua ndiyo hakuna.

Kijana Zabibu, weka hiyo barua. Lakini mwandiko usiupige picha.

Tundu la Sindano

Mzee shikamoo. Lakini bila picha itakuwa chai tu.

Mzee wa Muhuri

Marahaba. Mwandiko ni sura ya mtu, mwanangu. Huyo aliyeandika anaweza kuwa hai, ana wajukuu, yuko hapo Kisasa anauza mkaa. Maneno yatatosha.

Bibie wa Kondoa

Naunga mkono mzee kwa sababu yangu binafsi. Nilisoma bweni, shule siitaji. Kidato cha pili nilipata barua, ikafunguliwa ofisini, ikasomwa paredi mbele ya shule nzima. Kwa sauti. "Dhumuni la waraka huu ni kutaka kujua hali yako, ama kuhusu mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu." Mpaka hapo watu wametulia, maana kila mtu anaandika hivyo hivyo, ni kama kupiga hodi. Alipofika kwenye "nakuwaza kama jangwa liwazavyo mvua" shule ililipuka. Mpaka namaliza kidato cha nne niliitwa Jangwa.

Aliyeandika maskini alikuwa amenakili kutoka kwa mwenzake. Baadaye nilikuja kuiona sentensi hiyo hiyo kwenye barua ya rafiki yangu.

Na wale mliosoma *Rosa Mistika* ya Kezilahabi mnakumbuka barua moja ya Charles ilivyomponza Rosa kwa baba yake. Kitabu kizima kinaanza kuharibika kwenye karatasi moja. Tuliambiwa barua ni hatari, halafu ndani zilikuwa maneno ya kunakili tu.

Zabibu Kavu

Poleni kwa kuwaweka. Nilikuwa kazini Mtumba huko, mtandao unapanda na kushuka na upepo huu.

Naishusha kama ilivyo. Haina tarehe, haina anwani. Nimerekebisha alama za vituo tu.

*S.,*

*Sikuandikii kukujulisha hali yangu. Hali yangu unaijua, umesema mwenyewe unaona ninachochora. Basi jana usiku umeona mbuyu. Nimeuchora ubaoni, darasa la sita, chemli ikiwa juu ya dawati, nikaufuta kabla hakujakucha. Asubuhi watoto wakaniuliza, Mwalimu, mbona ubao una vumbi la kijani? Nikawaambia upepo. Huku upepo unasingiziwa mengi.*

*Karatasi yako ya kwanza nimeisoma mara nne, mbili kwa kamusi. Pale pembeni ulipochora kwa penseli sijaelewa, ni ndege au ni mkono? Kama ni mkono ni wa nani?*

*Posta usitume tena. Sanduku ni la shule na zinafunguliwa mezani kwa mkubwa kabla sijaitwa. Ile ya mwezi wa nne ilinifikia imebandikwa upya kwa ugali. Simu ya dada nayo iache, anasikiliza, halafu vocha inaisha.*

*Jibu weka pale pale ulipoikuta hii. Jumapili baada ya misa nitakuja kuazima kama kawaida. Wakiuliza tutasema kweli, nimekuja kuazima.*

*Zabibu za mzee zimeanza kubadilika rangi. Safari hii nitakuletea kabla ndege hawajazimaliza.*

*M.*

Kijukuu cha Mtemi

Imebandikwa kwa ugali. Nimekubali, hii siyo chai. Hakuna mtunzi angefikiria ugali.

Tundu la Sindano

Mimi bado. Angalieni: S. ni Sabine. M. ni Moss, jina la pili la Griffin. "Unaona ninachochora" ni kitabu chenyewe. "Nimeuchora nikaufuta" ni ule mchoro wa kikombe. Kuna mtu alikisoma, akanogewa, akaandika zoezi lake la kujifurahisha. Mwalimu wa fasihi huyo, au mwanachuo wa UDOM aliyekuwa anajaribu kuhamishia stori Dodoma. Kazi nzuri, nampa heko, ila ni ya kutunga.

Bibie wa Kondoa

Mwanachuo wa UDOM anajua nini kuhusu chemli? Chuo kimeanza 2007.

Tundu la Sindano

Kuna vijiji mpaka leo chemli ipo bibie.

Mchora Tu

Habari zenu. Mimi ni mchoraji, mabango, vitabu vya shule nikipata bahati. Naomba nisitoke sana kwenye barua ya M. lakini kuna jambo nataka kulisema kuhusu kitabu.

Nilikishika kimoja zamani kwa bosi wangu aliyenifundisha. Watu huangalia ile michoro (na ni mizuri, yule mtu alikuwa anachora majalada ya vitabu Uingereza kabla ya hapo, mkono wake umekomaa), mimi nikaangalia gundi. Kila bahasha lazima ikatwe, ikunjwe, ibandikwe kwenye ukurasa kwa mkono wa mtu, barua ikunjwe, itumbukizwe, tena barua sahihi kwenye bahasha sahihi. Mashine ya kuchapa haiwezi. Nilijaribu kutengeneza kimoja cha mfano, kurasa kumi na mbili, bahasha nne za kaki, cha stori yangu mwenyewe. Unga wa ngano ukaleta mende. Gundi ya maji ikakunja karatasi ikawa kama sambusa. Gundi ya viatu ikashika lakini kitabu kikanuka duka la ndala. Nikapeleka kwa mchapaji kumwuliza bei ya nakala mia tano, akahesabu kwa kidole, akaniuliza, kwa nini usiandike tu "akafungua barua, akasoma"?

Sikuwa na jibu siku ile. Ninalo leo. Ukiandika "akafungua barua akasoma", aliyefungua ni yeye. Hapa aliyefungua ni wewe. Zabibu Kavu aligeuka nyuma kuangalia kama anaonwa. Hakuna sentensi itakayomfanya msomaji ageuke nyuma.

Stempu za Sabine nazo zote ni za kuchorwa, za nchi isiyokuwepo, na zimegongwa mihuri. Mzee wa Muhuri angezipenda.

Mzee wa Muhuri

Ningezikataa kaunta, mwanangu. Lakini ningeziangalia kwanza.

Bibie wa Kondoa

Mchora Tu umenikumbusha kwetu. Pale Kolo kwenye miamba kuna michoro ya watu wa kale, imo kwenye urithi wa dunia tangu 2006. Watu warefu wembamba, wanyama, rangi nyekundu. Nilipelekwa nikiwa mdogo, nikamwuliza babu, wanasemaje? Akasema hawakuandika, wamechora. Nikaudhika kweli. Nikaona kama nimeletewa kadi upande wa picha tu, mgongo wake umebanduliwa.

Dada Ipagala

Samahani jamani nawarudisha. Nimekaa na barua ya M. tangu mchana na nimeilinganisha na nakala yangu. Tundu, umekosea, na nitakuonyesha ulipokosea.

"Karatasi yako ya kwanza nimeisoma mara nne, mbili kwa kamusi." Kwa nini mtu asome barua ya mapenzi kwa kamusi? M. anaandika Kiswahili kilichonyooka. Basi karatasi aliyopewa haikuwa ya Kiswahili.

"Umesema mwenyewe unaona ninachochora." Maneno hayo yako wapi kwenye kitabu? Yako kwenye barua ile ile ambayo haipo kwenye bahasha ya Zabibu Kavu.

S. hakuandika barua ya kwanza. Aliichomoa ya Sabine kutoka kwenye kitabu, akaichorea kitu pembeni kwa penseli, akampa mwalimu. Kama ilivyo. Ya Kiingereza. Akamwacha ahangaike na kamusi.

Kijukuu cha Mtemi

Aisee.

Dada Ipagala

Sijamaliza. "Jibu weka pale pale ulipoikuta hii." Zabibu Kavu ameikuta wapi? Kwenye bahasha iliyoachwa wazi. "Nitakuja kuazima kama kawaida." Anaazima nini?

Mzee wa Muhuri

Kitabu.

Dada Ipagala

Kitabu. Kilikuwa sanduku lao la posta.

Mzee wa Muhuri

Miaka yote ile kaunta, na sikuwahi kuona sanduku zuri kama hilo. Halilipiwi kwa mwaka, halina ufunguo wa kupotea, na mkubwa wa shule hata akilifungua anakuta barua za Wazungu. Akiona bahasha imejaa atasema ndivyo kitabu kilivyo.

Simu ya dada na vocha inaniambia ni mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, simu za mkononi zipo lakini moja kwa familia. Hivyo mjukuu wangu Bibie yuko sahihi, chuo kikuu bado.

Tundu la Sindano

Nimenyoosha mikono. Swali moja: mbona hii ya M. imebaki? Kama S. aliisoma angeitoa, aweke ya kwake. Ndiyo utaratibu wao.

(Kimya cha dakika kama arobaini kwenye uzi huu.)

Bibie wa Kondoa

Kwa hiyo haikufika.

Mchora Tu

Au ilifika, ikasomwa, ikarudishwa pale pale kwa sababu ndiyo mahali salama kuliko pote ndani ya nyumba. Mimi ningeiacha humo.

Kijukuu cha Mtemi

Au S. aliolewa kwingine kitabu kikabaki kwa wazazi. Au M. alihamishwa kituo, mnajua walimu. Jumapili ikafika hakuna aliyekuja kuazima.

Bibie wa Kondoa

Mariama Bâ kwenye *Barua Ndefu Kama Hii* alimpa Ramatoulaye kitabu kizima cha kumwandikia shoga yake, kila jambo linaelezwa mpaka mwisho. Huyu M. ametuachia zabibu zinazobadilika rangi. Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, hata msimu wenyewe hatuwezi kuukisia.

Zabibu Kavu, rudi kwa muuzaji. Mwulize kitabu kilitoka wapi.

Zabibu Kavu

Nimerudi leo saa saba, jua kali, vumbi limenifunga macho.

Muuzaji ni mzee wa makamo, ana miwani iliyofungwa waya. Anasema alikinunua kwa kilo, pamoja na maboksi mawili, kutoka kwa vijana waliokuwa wanahamisha nyumba ya watu upande wa Makole. Nyumba ya marehemu. Hajui jina. Nikamwuliza kama kuna mtu amewahi kukiulizia.

Akacheka. Akasema Jumatatu, yaani siku mbili baada ya mimi kununua, alikuja mama mmoja mtu mzima, kavaa kitenge, akapekua meza nzima kimyakimya. Mzee akamwuliza anatafuta nini. Akasema, kitabu chenye bahasha. Akaambiwa kimeuzwa. Mama akauliza, kiliuzwa na makaratasi yake yote? Mzee akajibu ndiyo, yote. Mama akashukuru akaondoka, hakuacha namba.

Dada Ipagala

"Na makaratasi yake yote." Nimesisimka mwili.

Kijukuu cha Mtemi

Mkuu rudisha kitabu SASA HIVI.

Zabibu Kavu

Nimeshakirudisha. Niliirudishia barua ya M. kwenye bahasha yake kama nilivyoikuta, nikamwomba mzee akiweke chini ya meza, kisiuzwe, mama akirudi apewe bure. Akaniambia kuhifadhi ni shilingi mia mbili kwa siku. Nimemlipa ya wiki mbili. Akaandika kwenye karatasi "HAKIUZWI", akaipachika juu ya jalada kwa raba.

Mzee wa Muhuri

Hiyo ndiyo barua ya kungojwa kaunta. Tulikuwa tunaziweka kwenye rafu, mwenyewe anakuja kuuliza jina lake. Ada tulikuwa nayo pia. Umefanya vizuri, mwanangu.

Tundu la Sindano

Nasubiri mrejesho kama wenzangu. Sitasema chai tena kwenye uzi huu.

Zabibu Kavu

Mrejesho. Siku ya tisa.

Nimepita leo nikitoka kazini. Mzee hayupo, ana msiba Mpwapwa, ameacha mpwa wake mezani tangu juzi. Nikainama kuangalia chini ya meza. Maboksi yapo, kitabu hakipo. Raba ipo, na kile kikaratasi cha HAKIUZWI kipo, kijana amekigeuza nyuma anapigia hesabu.

Nikamwuliza. Anasema jana ameuza vitabu vinne, havikumbuki, kimoja "kilikuwa cha picha", kwa elfu tano. Aliyenunua mwanaume au mwanamke? Hakumbuki. Mtu mzima au kijana? "Bro, mimi nauza."

Dada Ipagala

Kwa elfu tano bila kupunguziwa. Nani anatoa elfu tano Majengo bila kuomba kupunguziwa?

Bibie wa Kondoa

Anayekijua kitabu.

Kijukuu cha Mtemi

Au mgeni wa SGR kashuka asubuhi hajui bei za mji.

Mchora Tu

Zabibu Kavu, ile barua ya M. ulipiga picha hata moja? Siyo ya kuweka hapa. Ya kwako tu.

Zabibu Kavu

Sikupiga.